Mali Hii ni ya Nani? Hotuba juu ya Fedha za Mkopo na za Mirathi kwa Aombaye Kibali cha Mwekezaji

(Hotuba iliyosomwa mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka, Nyali)



Kamati imenitaka nizungumze juu ya jambo ambalo zamani lilikuwa la mawakili na matajiri peke yao, bali sasa limeingia katika nyumba zetu. Nalo ni hili: mgeni atakaye kukaa katika nchi yetu kwa njia ya kuweka mtaji, na ambaye mtaji huo hakuuchuma kwa jasho lake, bali ameukopa, au ameurithi, au ameuchangiwa na jamaa za mkewe.

Huenda mwanachama akauliza: hayo yatuhusu nini? Sisi ni wenyeji, wala hatuombi kibali cha kukaa kwetu. Jibu ni kwamba hapa Nyali, tangu Kongowea na Mkomani hata Kisauni, mgeni huyo si mtu wa mbali. Ndiye jirani yetu, ndiye mpangaji wetu, ndiye mshirika wetu katika biashara, na mara nyingine ndiye mkwe wetu. Upande huu wa bara umezoea kupokea watu. Freretown ilianzishwa mwaka 1875 kwa ajili ya watu waliokombolewa katika utumwa. Daraja la kuelea lilifunguliwa mwaka 1931, na watu wakilipa ushuru kulivuka. Nalo daraja tulilo nalo sasa lilikamilika mwaka 1980. Kwa kila njia iliyofunguliwa, watu walikuja na fedha zikaja. Kwa hiyo sikuja kuwaambia mwogope mgeni wala fedha zake. Nimekuja kuwaomba mjifunze kuuliza swali moja kabla fedha hazijatoka mkononi mwenu: mali hii ni ya nani?

Na tuanze na sheria yenyewe. Sheria ya Uraia na Uhamiaji wa Kenya ya mwaka 2011, ambayo iliondoa ile ya mwaka 1967, imeweka vibali vya kukaa na kufanya kazi katika madaraja yanayotajwa kwa herufi. Mgeni atakaye kufanya biashara maalumu, peke yake au kwa ushirika, huomba kibali cha Daraja la G. Yampasa awe na leseni na ruhusa zote zinazohitajiwa kwa biashara hiyo, au awe na hakika ya kuzipata. Yampasa biashara yake iwe na manufaa kwa Kenya. Tena yampasa awe na mtaji wa kutosha, na kima kinachotakiwa ni dola 100,000 za Marekani, au fedha nyingine za thamani hiyo.

Lakini sheria haikusema tu kwamba mtu awe na mtaji. Imesema kwamba mtaji huo uwe wake kwa haki yake mwenyewe, na awe na uhuru kamili wa kuutumia apendavyo. Naomba Wazee myashike maneno hayo mawili, kwa sababu mazungumzo yangu yote yamesimama juu yake. Neno la kwanza ni haki: je, fedha ni zake? Neno la pili ni uhuru: je, yuko mtu mwingine ambaye kesho aweza kuzidai, au kumzuia asizitumie? Mwenye haki asiye na uhuru, mtaji haujamkamilikia. Na mwenye uhuru wa siku mbili asiye na haki, huyo ameshika mali ya wenziwe.

Sasa tuzitazame fedha za mkopo. Mikopo si ya namna moja, na ni kosa kuihukumu yote kwa hukumu moja. Uko mkopo wa kweli. Mtu ana nyumba yake au shamba lake, hana mshirika katika mali hiyo, akaiweka rehani benki, akapewa fedha kwa mkataba ulioandikwa, zenye muda mrefu wa kulipa. Fedha zikiingia mkononi mwake ni zake kuzitumia. Deni ni lake, na rehani ni mali yake. Biashara ikianguka, atakayeumia kwanza ni yeye. Mtu wa namna hiyo hamdanganyi mtu.

Uko na mkopo mwingine, ambao mimi nauita mkopo wa maonyesho. Mgeni ana dola 60,000, na zatakiwa 100,000. Humwendea rafiki yake mwenyeji, au shemeji yake, humwambia: “Niazime hizo zilizopungua kwa majuma matatu tu, nipate barua ya benki, kisha nitakurudishia pamoja na kitu cha ahsante.” Hapo hapana biashara itakayojengwa kwa zile dola 40,000. Zimekuja kukaa katika hesabu ya benki ili zionekane, kisha zirudi zilikotoka. Wahenga walisema nguo ya kuazima haisitiri maungo. Mwenye mkopo huu hana haki, kwa kuwa fedha ni za mwingine. Wala hana uhuru, kwa kuwa siku ya kuzirudisha imekwisha kutajwa. Akiandika katika fomu kwamba mtaji ni wake, ameandika uongo, na kutoa habari za uongo kwa Idara ya Uhamiaji ni kosa la jinai.

Na yule aliyeazima, hali yake ni ipi? Mara nyingi hana hata karatasi moja mkononi. Fedha zimetoka katika hesabu yake zikaingia katika hesabu ya mtu mwingine kwa jina la huyo mwingine. Ikiwa benki itauliza, au ikiwa wenzi hao watagombana, au mgeni akifa kabla ya majuma matatu kwisha, mwenyeji ataanza kueleza kwamba zile zilikuwa zake. Ataulizwa: kwa nini basi ulikubali zitajwe kuwa mtaji wa fulani? Hapo atakuwa na njia mbili tu, na zote mbaya: akiri kwamba alisaidia udanganyifu, au anyamaze apoteze mali yake. Kukopa harusi, kulipa matanga. Lakini katika jambo hili hata mkopeshaji hushiriki matanga.

Tena msidhani kwamba swali hili la haki na uhuru ni la Kenya peke yake. Wapo wana wetu wanaofikiri kwenda nje kwa njia hiyo hiyo ya kuweka mtaji, na wengine wanawaomba wazazi wauze viwanja. Yafaa basi tujue wenzetu wanasemaje, nami nitataja nchi tatu ambazo watu wa pwani huzitazama sana.

Uingereza ilifungua mlango wa wawekezaji mwaka 2008, na kima kilikuwa pauni 1,000,000. Siku zile mwombaji aliweza kutumia fedha zilizokopwa kwa benki ya huko, mradi athibitishe kwamba mali yake mwenyewe, baada ya kuondoa madeni, yazidi pauni 2,000,000. Novemba 2014 kima kilipandishwa kuwa pauni 2,000,000, na ruhusa ya kutumia mkopo ikaondolewa. Mwaka 2019 kanuni ziliongezwa ukali: mtu ambaye hakuwa na fedha hizo kwa muda wa miaka miwili alitakiwa aeleze kwa hati zilikotoka; kabla ya hapo muda ulikuwa siku 90 tu. Mwisho, tarehe 17 Februari 2022, mlango wenyewe ulifungwa. Kwa hiyo mtu yeyote atakayewaambia leo kwamba ana njia ya kumpeleka kijana wenu Uingereza kwa kibali hicho, anauza kitu ambacho hakiko.

Marekani nayo ina mpango ulioanza kwa sheria ya mwaka 1990. Tangu Machi 2022 kima chake ni dola 1,050,000, au dola 800,000 kwa sehemu zenye uhaba wa kazi, za mashambani, na miradi mingine iliyotajwa, na mwekezaji ni lazima alete kazi kwa watu kumi. Huko palikuwa na ubishi wa miaka juu ya mkopo. Maofisa walisema mwenye kukopa lazima aweke rehani mali yake mwenyewe. Oktoba 2020 mahakama ya rufani ya Washington ikaamua kwamba fedha taslimu zilizopatikana kwa mkopo ni fedha taslimu, ikiwa mwekezaji ndiye mdeni. Kisha sheria ya 2022 ikasema zawadi na mikopo huhesabiwa tu ikiwa imetolewa kwa nia njema, wala si kwa hila ya kukwepa masharti. Tena mtoaji wa zawadi, na mkopeshaji asiye benki, naye huulizwa zake alizipata wapi. Sikilizeni vizuri, Wazee wangu: si kijana peke yake atakayeulizwa, bali na mjomba aliyempa.

Nchi ya tatu ni Falme za Kiarabu, ambako Dubai iko, na ambako watu wa Mombasa huenda na kurudi. Mwaka 2019 walipoanza kutoa kibali cha miaka mingi kwa mwenye majumba, walitaka mali ya dirham 5,000,000, tena isiyo ya mkopo. Tangu Oktoba 2022 kima kimeshuka kuwa dirham 2,000,000, na nyumba iliyonunuliwa kwa mkopo wa benki maalumu za huko yaweza kukubaliwa.

Nchi tatu, na majibu yao juu ya mkopo yametofautiana. Moja imekataa, moja imebishana mpaka mahakamani, moja imekataa kisha ikalegeza. Lakini swali lao ni moja, nalo ndilo letu: mali ni ya nani, na imetoka wapi?

Sasa nageukia mirathi, na hapa ndipo nataka Wazee wanisikilize zaidi, kwa maana mikopo huumiza mtu mmoja, bali mirathi ikitumiwa vibaya huumiza ukoo mzima.

Mali ya mirathi kwa asili yake ni mali safi kuliko mkopo. Aliyerithi hana mdai wa kumngojea. Mgeni ambaye babake amekufa ng'ambo akamwachia nyumba, naye akaiuza, akaleta fedha zake hapa kwa njia ya benki pamoja na wasia, hati ya mahakama, na hati ya mauzo, huyo ana haki na ana uhuru. Na ikiwa hataki biashara, bali ataka kukaa kwa utulivu akila mapato yake, basi hana haja ya kujifanya mfanyabiashara. Kiko kibali cha Daraja la K kwa mtu aliyetimiza miaka 35, mwenye pato la hakika la dola 24,000 kwa mwaka, naye huahidi kutofanya kazi ya malipo. Mwenye mali ya urithi iletayo pato la kima hicho kila mwaka aweza kuomba kwa njia hiyo wazi, bila kubuni duka lisilouza kitu.

Lakini mirathi huwa mali ya mtu baada ya kugawanywa. Kabla ya hapo ni tumaini lake tu, na pengine ni tumaini la wengi. Sheria yetu ya Urithi, iliyoanza kutumika mwaka 1981, imekataza mtu yeyote kuuza au kuigusa mali ya marehemu kabla ya mahakama kutoa hati ya usimamizi. Avunjaye amri hiyo aweza kutozwa faini au kufungwa hata mwaka mmoja. Na hata baada ya msimamizi kupewa hati, kwa kawaida hungoja miezi sita kabla ya kuomba ithibitishwe ili mali igawanywe. Kwa Waislamu, tangu mabadiliko ya mwaka 1990, mali hugawanywa kwa sheria ya Kiislamu, na Mahakama ya Kadhi husikiza mashauri yao. Kwa wengine, marehemu akifa bila wasia akaacha mjane na watoto, mjane hupewa vyombo vya nyumbani na haki ya kufaidi mali iliyosalia katika maisha yake, ndipo watoto wagawane sawasawa. Katika njia zote hizi, hapana inayosema kwamba kaka mkubwa aweza kuichukua nyumba akaipeleka benki kwa sababu mkwe anahitaji kibali.

Tuchukue mfano, si wa mtu fulani, bali wa kufundishia. Mzee mmoja Mwislamu amefariki huko Kisauni. Wazazi wake walikwisha kufa kabla yake. Ameacha mjane mmoja, wana wawili wa kiume na mabinti watatu. Baada ya gharama za mazishi na madeni kulipwa, imebaki nyumba ambayo ikiuzwa yaleta shilingi 12,000,000. Binti mmoja ameolewa na mgeni, mtu mwema, anayetaka kufungua karakana ya maboti na kuomba Daraja la G. Jamaa wanakutana. Kaka mkubwa asema: “Shemeji yetu akikaa, dada yetu atakaa, na kazi itapatikana kwa vijana. Tuuze nyumba tumpe fedha aonyeshe mtaji.”

Maneno hayo ni mazuri masikioni, kwa kuwa yametoka katika upendo. Lakini tupige hesabu. Mjane ana thumuni moja, yaani shilingi 1,500,000. Zilizobaki ni 10,500,000, nazo hugawanywa mafungu saba, kila mwana wa kiume mafungu mawili na kila binti fungu moja. Basi kila mwana apata shilingi 3,000,000, na kila binti shilingi 1,500,000. Mke wa yule mgeni, ambaye kwa ajili yake jambo lote limeanzishwa, haki yake katika nyumba ni shilingi 1,500,000. Nazo dola 100,000, tukizihesabu kwa shilingi 129 kila dola, ni shilingi 12,900,000. Maana yake ni kwamba nyumba nzima ya marehemu haifikii kima hicho. Na hata kuikaribia, yapasa mama mjane atolewe alipolala miaka arobaini, na mabinti wawili wasiohusika watoe sehemu zao. Na baada ya hayo yote, mgeni ataandika kwamba fedha ni zake kwa haki yake mwenyewe, hali kila mmoja wa wale sita ajua kwamba si zake.

Je, haiwezekani jamaa kumsaidia mkwe? Yawezekana. Mali ikigawanywa kwanza, kila mtu akashika fungu lake, kisha anayetaka kutoa zawadi akatoa kwa hiari yake na kwa maandishi, hapo zawadi ni zawadi, na fedha zimekuwa za mpewa kweli. Anayetaka kuwa mshirika, na aandikwe mshirika, awe na hisa zake katika kampuni. Anayetaka kukopesha, na aandike mkopo, na mgeni autaje kuwa mkopo. Linaloharibu ni kuchanganya: kumwambia ofisa kwamba ni zawadi, kumwambia mama kwamba ni mkopo, na kuambiana sisi kwa sisi kwamba ni ushirika. Mali bila daftari huisha bila habari, na mali yenye majina matatu huisha upesi zaidi.

Tena mkwe huyo pengine ana mlango mwingine asioujua. Mgeni aliyeoana na raia wa Kenya kwa muda usiopungua miaka mitatu aweza kuomba ukaazi wa kudumu. Na baada ya miaka saba ya ndoa, Katiba inampa haki ya kuomba kuandikishwa kuwa raia. Mtu wa namna hii akingoja kwa subira, nyumba ya marehemu itabaki imesimama.

Na yako jambo kubwa zaidi la kuwaambia jamaa zetu walio ng'ambo. Wapo wana wa pwani hii waliokwenda Uingereza, Marekani, na Uarabuni, wakachukua uraia wa huko, na kwa sheria ya zamani wakapoteza uraia wa Kenya. Wengine sasa wazeeka wanataka kurudi, nao huambiwa na mawakala kwamba lazima waonyeshe dola 100,000 kama wageni. Hayo si kweli. Katiba iliyotangazwa tarehe 27 Agosti 2010 imeruhusu uraia wa nchi mbili, na imempa aliyekuwa raia wa Kenya kwa kuzaliwa haki ya kuomba arudishiwe uraia wake. Aidha, mtoto aliyezaliwa ng'ambo na mzazi aliye raia wa Kenya ni raia kwa kuzaliwa. Mtu asikope fedha kununua kitu ambacho ni chake tangu tumboni mwa mama yake.

Bwana Mwenyekiti, sina budi kugusa ardhi kabla sijamaliza, kwa kuwa mtaji mwingi wa hapa Nyali hugeuka kuwa majumba. Katiba yetu, kifungu cha 65, imesema kwamba asiye raia hawezi kumiliki ardhi ila kwa kukodi, tena kwa muda usiozidi miaka 99. Kampuni huhesabiwa kuwa ya raia ikiwa yote kabisa ni ya raia. Na mali iliyowekwa kwa amana katika jina la mwenyeji huhesabiwa kuwa ya raia ikiwa faida yake yote ni ya raia. Kwa hiyo hila ya kuazima jina la mwenyeji ili mgeni apate ardhi ya milele haina nguvu. Na yule mwenyeji aliyetoa jina lake hubaki na kesi, naye hakupata kitu ila soda na ahadi.

Na kwa wale wanaotaka kuweka rehani nyumba zao kwa ajili ya mkopo wa namna hii, nawakumbusha mambo mawili. Nyumba ya ndoa haiwekwi rehani pasipo idhini ya mke au mume. Ndivyo isemavyo Sheria ya Ardhi ya mwaka 2012. Tena sehemu nyingi za Mombasa zina nyumba bila ardhi, ambapo mwenye nyumba ni mmoja na mwenye kiwanja ni mwingine. Mwenye nyumba ya namna hiyo hana hati ya kiwanja ya kupeleka benki. Basi akiambiwa na wakala kwamba mkopo utapatikana bila hati, na aulize upesi: ni mkopo wa nani, na atakuja kuchukua nini siku nitakaposhindwa kulipa?

Sasa nafikia shauri langu kwa Chama. Naomba Mkutano huu uyafikiri mambo manne.

La kwanza, fedha za Hazina ya Chama zisitumiwe kamwe kumwazima mtu, mwanachama au mkwe wa mwanachama, kwa ajili ya kuonyesha mtaji. Fedha hizo zimechangwa kwa ajili ya mazishi, wagonjwa, na karo za watoto. Msiba hautoi taarifa ya majuma matatu.

La pili, mwanachama akiletewa ombi la kukopesha kwa ajili ya kibali, asitoe kabla ya kumwona wakili aliyesajiliwa, na asitoe bila mkataba. Na wakala asemaye “hakuna haja ya karatasi, sisi ni ndugu”, huyo ndiye anayehitaji karatasi kuliko wote.

La tatu, nyumba yenye mirathi isiyogawanywa na ifanye haraka kufika kwa Kadhi au mahakamani. Wazee wa mtaa wawasaidie mayatima na wajane kupata cheti cha kifo, barua ya chifu, na orodha ya warithi wote, mabinti wakiwemo. Mirathi ikikaa miaka ishirini bila kugawanywa, huwa kama chombo kisicho nahodha. Kila mwenye kasia huvuta upande wake.

La nne, tuwaambie vijana wetu na wageni wetu ukweli kwa upole. Mtaji wa kuazima hauendeshi biashara. Kibali hakitolewi mara moja kikadumu milele. Huja siku ya kukihuisha, na siku hiyo wataulizwa hesabu, kodi, na wafanyakazi. Aliyerudisha fedha zote baada ya kupata barua ya benki atajibu nini? Bali aliyeanza na kilicho chake, ijapokuwa kwa kungoja miaka miwili zaidi, atafungua daftari lake mbele ya ofisa bila moyo kumwenda mbio.

Wazee wangu, na ndugu zangu, ukarimu ni sifa yetu, nami sitaki mtu atoke hapa akisema kwamba nimewafundisha kumfungia mgeni mlango. Mpeni mgeni kiti, mpeni chakula, mpeni ushauri wa kweli. Na mkitaka, mpeni na fedha zenu. Lakini ziwe zenu. Nyumba aliyoiacha marehemu si ya mmoja wetu mpaka kila mwenye fungu apate fungu lake, na mjane aliye ndani yake asiamshwe asubuhi kuambiwa ahame ili hesabu ya mtu mwingine ionekane imejaa. Ofisa wa Uhamiaji atauliza mali ni ya nani, kwa kuwa ni kazi yake. Sisi tuulize kabla yake, kwa kuwa ni watoto wetu.

Mwenyezi Mungu akibariki Chama chetu na kazi zake.